Fomu ya 101: wanawake wa viwanda vya korosho kati ya ngazi ya chama na ngazi ya menejimenti

Ukisema Newala au Nachingwea kwamba mama fulani ni kiongozi wa chama, utaulizwa papo hapo: chama kipi? Huku Kusini neno hilo limebebeshwa mizigo mingi. Kuna chama cha msingi, AMCOS, kinachopokea korosho ghafi za wakulima na kuzipeleka ghala kuu kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Juu yake kuna chama kikuu: TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao kwa ukanda wa pwani. Kuna chama cha siasa. Kuna kikoba cha akina mama. Chama cha wafanyakazi hukumbukwa mwisho, na wengi hudhani ni cha walimu na wauguzi tu.

Mkanganyiko huu una gharama. Mwanamke mwenye mikorosho yake Kitangari, ambaye pia anabangua kwa malipo kiwandani, ni watu wawili mbele ya sheria. Shambani ni mwenye mali, na sauti yake iko kwenye ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013. Akikaa mbele ya mashine ya kubangulia ni mfanyakazi, na sauti yake iko chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mwenyekiti wa AMCOS, hata angekuwa mama yake mzazi, hana mamlaka ya kumjadilia malipo ya kilo.

Ndani ya kiwanda chenyewe kuna ngazi mbili za kupanda. Moja ni ya chama cha wafanyakazi: mwanachama, mwakilishi, kiongozi wa tawi, mjumbe wa mkoa, kisha taifa. Nyingine ni ya menejimenti: mbanguaji, msimamizi wa meza, msimamizi wa zamu, mkaguzi wa ubora, meneja. Zinaanzia sakafu moja, lakini kuna mahali sheria inazitenganisha, na mwanamke asiyepajua mahali hapo anaweza kuachishwa moja kwa kudanganywa na nyingine.

Meza ya kubangua na chumba cha boila

Korosho ghafi hupangwa kwa ukubwa, hupikwa kwa mvuke ili ganda lilegee, hupozwa, hubanguliwa moja moja, hukaushwa kwenye tanuri, humenywa utando wa ndani, huchambuliwa kwa madaraja, kisha hufungashwa kwa uzito wa ratili 50, yaani kilo 22.68. Daraja la W320 maana yake korosho nzima 300 hadi 320 kwa ratili moja. Kadiri namba inavyopungua, ndivyo korosho inavyokuwa kubwa na bei inavyopanda.

Tazama nani anakaa wapi. Kubangua, kumenya na kuchambua ni kazi za wanawake karibu kila mahali. Boila, ufundi wa mashine, ghala na udereva ni za wanaume. Wa kwanza hulipwa kwa kilo, wa pili kwa mwezi. Msimamizi anapotafutwa, ofisi humtazama mwenye mkataba wa mwezi na cheti cha ufundi. Kwa hiyo mwanaume aliyekaa miaka miwili kwenye boila humpita mwanamke aliyechambua madaraja miaka kumi, ingawa hasara ya kiwanda hutokea mezani, kwenye korosho zinazovunjika. Huo si uadui wa mtu mmoja. Ndivyo kazi zilivyogawanywa tangu siku ya kwanza ya kuajiri.

Kuna jambo la kushangaza kidogo hapa. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, na mtoto ni wa mjomba. Mgeni angetarajia wanawake wa Kusini wawe mbele kwenye viti. Lakini ukoo wa mama uligawa ardhi na watoto. Haukugawa zamu za kiwandani.

Kibarua wa kilo ni mfanyakazi

Jibu la kwanza analopewa mbanguaji anayetaka kujiunga na chama ni kwamba yeye si mfanyakazi, ni kibarua anayelipwa kwa alichobangua. Jibu hilo halisimami. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inaweka alama, na ikithibitika hata moja, mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka upande wa pili uthibitishe vinginevyo. Miongoni mwa alama hizo: anafanya kazi chini ya usimamizi wa mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa vifaa vya kazi, anamtegemea kiuchumi anayempa kazi, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mbanguaji anayeingia saa 1 asubuhi na kutumia mashine ya kiwanda anazo karibu zote. Namna ya kulipwa, iwe kwa kilo, siku au mwezi, haibadilishi chochote.

Msimu nao huleta utata wake. Mtu ambaye hajatimiza miezi sita hana kinga ya kuachishwa isivyo haki, na hilo ndilo pengo kubwa kwa viwanda vinavyofanya kazi kadiri korosho zilivyo ghalani. Kwenye likizo, sheria ni pana zaidi: mfanyakazi wa msimu anastahili likizo ya malipo, na aliyeitwa zaidi ya mara moja na mwajiri yuleyule ndani ya mwaka, akapitisha miezi sita kwa jumla, anastahili pia. Ndiyo maana kadi za mahudhurio za misimu yote zitunzwe nyumbani. Daftari la kiwanda lina tabia ya kupotea pale linapohitajika.

Hesabu ya viti

Kuanzisha chama kipya kunahitaji mkutano wa wafanyakazi wasiopungua 20, na baada ya hapo usajili kwa Msajili. Karibu hakuna sababu ya kupita njia hiyo. Vyama vipo: TUICO kwa viwanda, biashara na benki; TPAWU kwa mashamba; DOWUTA kwa wa bandari ya Mtwara; TALGWU kwa halmashauri. Kinachotakiwa ni tawi, na tawi linaruhusiwa mahali penye wanachama kumi au zaidi.

Mtu anakuwa mwanachama kwa kujaza fomu ya kumruhusu mwajiri akate ada, maarufu kama TUF 6. Hapa ndipo viti vinapozaliwa, kwa sababu idadi ya wawakilishi inafuata idadi ya wanachama. Wanachama 1 hadi 9, mwakilishi mmoja. Kuanzia 10 hadi 20, watatu. Kuanzia 21 hadi 100, kumi. Wakizidi 100, wawakilishi ni 15, na angalau watano kati yao ni wa kuwawakilisha wanawake walio wanachama.

Soma tena ngazi ya mwisho. Tuseme kiwanda kina wafanyakazi 240, wanawake 190. Fomu zilizojazwa ni 96. Tawi lina wawakilishi kumi na sheria haitaji hata kiti kimoja cha wanawake. Mafundi kumi wa boila wanaweza kuvikalia vyote na hakuna kosa lililotendeka. Zikiongezwa fomu tano, zikafika 101, viti vinakuwa 15 na vitano vya wanawake vinaweza kudaiwa. Fomu tano zimefanya kile ambacho hotuba za Mei Mosi hazifanyi.

Tahadhari moja: sheria inasema wawakilishi hao "wawakilishe" wanawake. Tawi lisipoandika kwenye utaratibu wake wa uchaguzi kwamba wao wenyewe watakuwa wanawake na watapigiwa kura na wanawake, siku ya uchaguzi utasikia kwamba kaka fulani "anawaelewa sana akina mama".

Lakini 101 haitoshi kumkalisha mwajiri mezani. Ili chama kiwe wakala pekee wa majadiliano, lazima kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo la majadiliano, yaani kundi la wafanyakazi ambalo chama kinataka kulijadilia. Kwa watu 240, hiyo ni 121. Chama kikishapata idadi, kinampa mwajiri notisi kwa fomu rasmi, na mwajiri ana siku 30 za kukutana nacho ili kukubaliana juu ya kutambuliwa. Wakishindwana, mgogoro unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na usuluhishi ukikwama, Mahakama ya Kazi inaamua.

Mahali pa kuteleza ni hilo neno "eneo la majadiliano". Ofisi inaweza kutaka walinzi, madereva na watu wa kampuni ya wakala wote wahesabiwe, ili nusu ipande. Dawa yake ni kuomba orodha ya mishahara mapema na kuhesabu wale wanaolipwa na kiwanda chenyewe kabla ya kupeleka notisi. Tawi lililopeleka notisi kwa kukisia huumbuka, na mwaka unaofuata wanawake hawajazi fomu tena.

Mezani kunaombwa nini

Mwakilishi mpya hukimbilia bei ya kilo. Ni sawa, lakini bei ya kilo peke yake inaweza kupandishwa kwa mkono mmoja na kushushwa kwa mwingine. Kuna mambo manne yanayoila, na yote yanapaswa kuingia kwenye mkataba wa hali bora za kazi, yaani makubaliano ya maandishi kati ya chama na mwajiri.

La kwanza ni mizani. Iwe imekaguliwa na Wakala wa Vipimo na stika yake iwe ya mwaka huu. Uzito uandikwe mbele ya aliyebangua, kwenye kadi yake, si kwenye daftari la karani pekee. La pili ni korosho nzima na vipande. Kiwango cha vipande huwa chini sana, na mvunjiko hautokani na mikono tu: korosho iliyopikwa kupita kiasi, iliyobanguliwa kabla haijapoa vizuri, au saizi tofauti zilizochanganywa kwenye ndoo moja, zitavunjika hata kwa fundi. Mkataba useme kwamba mvunjiko wa shehena nzima ukizidi kiwango walichokubaliana, chanzo kikaguliwe kwenye boila kwanza kabla ya mezani kukatwa. La tatu ni muda wa kusubiri. Boila likisimama saa mbili, mwenye mshahara wa mwezi amelipwa na mwenye kilo hajapata kitu. La nne ni kinga dhidi ya mafuta ya ganda, yanayounguza ngozi. Glavu zikichakaa Jumanne na mpya zikaja Ijumaa, kidole kilichobabuka kinapunguza kilo. Mwenye kulipwa kwa kilo ndiye anayelipia glavu isiyonunuliwa.

Uzazi unahitaji hesabu ya peke yake, kwa sababu ofisi nyingi hazijui likizo ya mtu wa kilo ikokotolewe vipi. Likizo ya uzazi ni siku 84 za malipo, au 100 kwa watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo, ndani ya mzunguko wa miezi 36. Notisi itolewe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Kwa asiyelipwa kwa muda, chukua mapato ya wiki 13 zilizotangulia na utafute wastani wa wiki. Mfano: mama amepata jumla ya Sh 780,000 katika wiki hizo 13. Wastani ni Sh 60,000 kwa wiki. Siku 84 ni wiki 12, basi malipo ya likizo ni Sh 720,000. Karatasi moja yenye hesabu hii, ikiwekwa mezani na kadi 13 za wiki, humaliza ubishi ambao maneno ya jumla yangeuendeleza hadi jioni.

Akirudi ananyonyesha, mwajiri anapaswa kumruhusu hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Kwa mtu wa kilo ruhusa hiyo ni tupu asipolipwa, maana kila dakika mbali na meza ni hasara yake. Mkataba uandike kwamba saa hizo zinalipwa kwa wastani uleule: Sh 10,000 za siku ya saa saba na nusu zinatoa karibu Sh 2,670 kwa saa mbili. Pia mjamzito asipangwe zamu ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, wala mzazi asipangwe kwa miezi miwili baada yake.

Matawi yanakofia

Uchaguzi ukifanywa wakati kiwanda kimepunguza watu, wanawake wengi wako shambani wakiandaa mvua za Desemba, na wapiga kura waliobaki ni watu wa boila na ghala. Tarehe iwekwe wakati meza zote zimejaa. Vilevile mikutano ya saa 12 jioni ni ya wanaume. Mama ana bajaji ya kuwahi na chungu kinachomsubiri. Mwakilishi anastahili muda wa kutosha wenye malipo kwa kazi za chama, kwa hiyo mkutano wa dakika 40 kabla ya chakula cha mchana ni jambo la kujadiliwa na mwajiri kwa uwazi, si la kuomba kwa kunong'ona.

Tatizo jingine ni cheo cha mweka hazina. Matawi hupenda kumpa mwanamke fedha kwa sababu "ni mwaminifu", halafu timu ya majadiliano inakuwa ya wanaume watupu. Kutunza ada si uongozi wa kujadiliana. Anayeshika kalamu kwenye meza ya mwajiri ndiye anayejifunza kusoma hesabu za kampuni, na huyo ndiye mkoa utakayemwita.

Kuhusu ada yenyewe: mwajiri akishaikata anatakiwa aiwasilishe kwa chama ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha, pamoja na orodha ya majina. Akichelewa bila sababu, anadaiwa asilimia 5 ya jumla kwa kila siku. Tawi likae na nakala ya kila fomu. Fomu iliyoachwa kwenye droo ya utumishi bila nakala ni sawa na haikujazwa.

Na mwakilishi akiitwa kwenye kikao cha nidhamu, chake au cha mwanachama wake, kanuni zinampa mtuhumiwa angalau saa 48 za kujiandaa na haki ya kusindikizwa na mwakilishi au mwenzake. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua shauri CMA. Migogoro mingine ina siku 60. Siku hizo 30 huisha upesi kuliko watu wanavyodhani, hasa pale mtu anapoambiwa "njoo wiki ijayo tuzungumze" mara nne.

Upande wa menejimenti

Norway ilipitisha mwaka 2003 sheria ya kutaka kila jinsia iwe na angalau asilimia 40 kwenye bodi za kampuni kubwa za hisa. Waajiri walisema hawawaoni wanawake wa kuteua. Chama chao, NHO, kikajibu kwa kuanzisha mwaka huohuo programu ya kuwaandaa, Female Future. Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kiliichukua kwa ushirikiano na NHO na kuiita Mwanamke Kiongozi. Tofauti yetu ni kwamba kampuni binafsi hapa hazina sheria ya asilimia hiyo, kwa hiyo mafunzo yapo lakini hakuna anayelazimika kumpa kiti aliyehitimu. Mshiriki huteuliwa na mwajiri wake. Hili lina maana ya wazi kwa Mtwara na Lindi: anayeteuliwa ni wa benki na ofisi, nadra sana awe wa meza ya kuchambua, kwa sababu jina lake halifiki makao makuu.

Viti vya mashirika ya umma ni habari nyingine, maana hivyo ni vya uteuzi. Bodi ya Korosho Tanzania, yenye makao yake Mtwara, iliongozwa na Mama Anna Abdallah mpaka ilipovunjwa mwaka 2018. Hakuna fomu wala kura inayomfikisha mtu pale.

Kwa mbanguaji, njia ya vitendo ni fupi zaidi ya bodi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ambapo mtu aliyejifunzia kazini hupimwa na kupewa cheti bila kuanza darasa upya. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, ina wataalamu wa zao lenyewe. TIA, Taasisi ya Uhasibu, ina kampasi Mtwara kwa anayetaka fani hiyo. Chama kinaweza kuweka kwenye mkataba kwamba nafasi ya msimamizi itangazwe ndani ya kiwanda kwanza, na kwamba miaka ya kuchambua madaraja ihesabiwe kama sifa sawa na miaka ya boila. Sheria inamtaka mwajiri awe na mpango wa kukuza fursa sawa na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi. Uulizieni. Mara nyingi swali hilo pekee huamsha ofisi.

Njia panda

Mbinu moja inarudiwa sana: mwakilishi hodari anapandishwa kuwa msimamizi wa zamu, kisha anaambiwa ajiuzulu chama "kwa kuwa sasa ni menejimenti". Si kweli. Sheria inamzuia tu mwajiriwa wa menejimenti ya juu kuwa kwenye chama cha wafanyakazi wa chini yake, na imemfafanua kwa mambo mawili kwa pamoja: anatunga sera kwa niaba ya mwajiri, na ana mamlaka ya kufunga mikataba ya hali bora kwa niaba yake. Msimamizi wa zamu hana hata moja. Mkaguzi wa ubora hana. Meneja uzalishaji anaweza kuwa na la kwanza bila la pili. Kwa hiyo mama akipewa cheo, aombe maelezo ya kazi kwa maandishi na ayasome kwa kipimo hicho kabla ya kusaini barua yoyote ya kujitoa.

Kuna heshima ya kawaida pia, isiyoandikwa: msimamizi anayeandika onyo asubuhi hawezi mchana kumtetea aliyemwandikia. Abaki mwanachama, lakini kiti cha uwakilishi akiachie mwingine.

Siku atakapokuwa na mamlaka yote mawili, anatoka kweli. Anamwandikia mwajiri notisi ya mwezi mmoja ya kusitisha makato, nakala kwa tawi, na tawi linamchagua mbadala kabla ya duru ijayo ya majadiliano. Katibu ahesabu fomu siku hiyohiyo. Kama walikuwa 101, sasa wako 100: wawakilishi wanarudi kuwa kumi, na vile viti vitano havidaiki mpaka mtu mmoja pale mezani ajaze fomu nyingine.